Jumamosi ya hoki ya bure, Minnesota

Aliyenitonya ni dada mmoja wa Kakamega tuliyekuwa tunapiga naye zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Minnesota, Marekani. Akasema Jumamosi kuna siku ya watoto kujaribu hoki ya barafu bure, wa miaka minne mpaka tisa, vifaa wanaazimwa hukohuko. Nilimuuliza mara mbili mbili kama ni bure kweli, manake nilishasikia wazazi kazini wakilia na bei ya huu mchezo, viatu vya kutelezea peke yake, vile vyenye chuma chini, ni hela ya mtu. Akasema wewe mwandikishe mtoto mtandaoni, uende tu.

Basi tukaenda. Binti yangu alikuwa na miaka saba, hajawahi kukanyaga barafu ya uwanjani. Vifaa vilikuwa vimerundikwa mlangoni, helmeti zenye wavu wa uso, pedi za magoti, glavu, na mzee mmoja wa kujitolea akapiga goti akaanza kumfunga mtoto wangu viatu. Nilikaa nikamwangalia yule mzee mpaka mwisho, alikuwa anavuta kamba tundu kwa tundu kuanzia vidoleni, akifika kwenye kifundo anakaza kabisa, anamwambia haya gonga kisigino chini, halafu anakaza tena, kwa sababu kifundo kikilegea miguu inapinda na mtoto hasimami. Fimbo ya kuchezea akampimia akiwa ameshavaa viatu, akachukua inayofika kidevuni.

Kitu cha kwanza kufundishwa ni kuanguka, yaani waliambiwa wote waanguke kwa makusudi halafu wainuke, goti moja, mguu mmoja, mikono juu ya paja, simama. Hakuna aliyechekwa maana wote walikuwa chini.

Uwanja mzima una urefu wa mita 61 na upana wa 26, lakini walikuwa wameukatakata kwa upana, kila kikundi na kipande chake, na kile kidude wanachopiga, paki, walipewa cha bluu cha gramu 113 badala ya kile cheusi cha wakubwa cha gramu 170. Nikamuuliza kocha, mwalimu, mbona hawaachiwi uwanja wote? Akanieleza kwa upole sana kwamba chama chao cha hoki Marekani kina mpango wa kukuza wachezaji watoto tangu 2009, na wameona ukiweka watoto wadogo kwenye uwanja mzima yule mmoja anayejua kuteleza anaondoka na paki na wengine wote wanabaki watazamaji, lakini kwenye nafasi ndogo kila mtoto anaigusa, tena na tena. Akasema pia kiangazi nimpeleke akacheze soka, aogelee, asing'ang'anie hoki mwaka mzima, na kugongana kwa mwili tangu 2011 hawaruhusu kwenye mechi za watoto wa chini ya miaka 13.

Hapo machozi yalinilenga, nasema ukweli. Mimi nimekulia Kenya, nchi iliyoshika nafasi ya nne Kombe la Dunia la mpira wa magongo, yaani hoki isiyo ya barafu, Barcelona mwaka 1971, marehemu baba alikuwa hachoki kutusimulia, lakini shuleni kwetu magongo yalikuwa machache na mwalimu alichagua wale ambao tayari wanajua, sisi wengine tukaambiwa tushangilie. Ni watoto wangapi walipotelea pale pembeni ya uwanja? Huyu wangu hajui hata kusimama na bado amepewa fimbo na paki na mtu mzima wa kumwangalia, na akaanguka, akaanguka, akafunga goli moja akiwa amekaa chini kabisa.

Kutoka tu akaniuliza, mama, Jumamosi ijayo tunakuja saa ngapi? Kocha akasema klabu inaazima vifaa mwaka wote wa kwanza, na anayeshindwa ada aseme mapema asaidiwe. Nikajaza fomu palepale juu ya boneti ya gari, halafu nikampigia yule dada wa Kakamega, nikamwambia na yeye awalete watoto wake, nafasi bado zipo.