Jani la Tumbaku Lililojiunguza

Nilipokuwa nasomea kilimo Tabora, mwalimu wetu wa magonjwa ya mimea alitukusanya jioni moja nyuma ya maabara, kwenye mche wa tumbaku uliooteshwa ndooni. Alichukua bomba la sindano lililotolewa ncha, akalikandamiza chini ya jani huku kidole chake kikilizuia kwa juu, akasukuma taratibu hadi doa la kijani kilichokolea likatanda kati ya mishipa. Alifanya hivyo mahali patatu na kuzungushia kila doa wino: maji matupu, bakteria wa maharage, na bakteria aliyezoea tumbaku.

Asubuhi yake, doa la maji lilikuwa limetoweka na la bakteria wa tumbaku lilikuwa bado kijani, ilhali lile la bakteria wa maharage lilikuwa limesinyaa na kukauka, likakomea kwenye wino.

“Mwalimu, hapa palipougua ni wapi?” aliuliza mzee aliyetunza kitalu, ambaye alikuwa amelima tumbaku Urambo kwa miaka mingi. Wanafunzi sote tulionyesha palipokauka.

“Hapo ndipo jani limejikinga, mzee wangu,” alijibu mwalimu.

Jaribio hilo, ambalo Zoltán Klement wa Hungaria alilieleza mwaka 1963, ningependa kila shule ya kilimo ilionyeshe, kwa sababu macho peke yake hudanganya. Bakteria wa jamii ya Pseudomonas huingiza protini zao ndani ya seli za mmea kupitia kijisindano chembamba mno, ili wadhoofishe kinga. Mmea nao una protini za ulinzi. Zikitambua hata moja ya mgeni, seli zilizoguswa hujiua ndani ya saa chache na kumnyima bakteria nafasi ya kuenea, kama mkulima anavyochoma ukanda wa nyasi kuuzuia moto wa porini. Bakteria wa tumbaku hakutambuliwa, na baadaye umanjano wa doa lake ulivuka wino.

Mzee alitaka kujua kwa nini basi mbegu zote zisipewe ulinzi huo. Mwalimu alimweleza kwamba watafiti hufanya hivyo, ila bakteria anaweza kuipoteza protini inayomfichua na bado akaambukiza kwa zilizobaki, kwani yule anayeshambulia nyanya, kwa mfano, hubeba takriban 30.

“Kumbe ndiyo maana mnatuletea mbegu mpya kila mara,” alisema mzee, “na bei nayo mpya.”