Nyota ya Jupyter haisemi mashine inafanya nini
Leo nimeshinda nikiandika Julia, lugha ya kuandikia programu, ndani ya daftari la Jupyter, yaani ukurasa ambamo msimbo huandikwa na kuendeshwa kisanduku kwa kisanduku, na kuna jambo linalonikera ambalo nataka kuliweka hapa. Ukiendesha kisanduku cha msimbo, kando yake hutokea nyota ndani ya mabano ya mraba, nayo hukaa hapo mpaka kazi iishe na namba ichukue nafasi yake. Nyota hiyo hutangaza kwamba mashine ina shughuli, bila kusema ni shughuli gani.

Kwa Julia, lugha iliyotangazwa hadharani mwaka 2012, tofauti kati ya kuandaa msimbo na kufanya hesabu yenyewe ni kubwa, kwa sababu kila kitendakazi (kipande cha msimbo chenye kazi yake) hukompailiwa, yaani hugeuzwa kuwa msimbo wa mashine, pale kinapoitwa kwa mara ya kwanza na aina fulani za data, kisha msimbo wa mashine uliopatikana huhifadhiwa ili mwito mwingine wa aina zilezile usisubiri tena. Kitendakazi kilichokwisha kukompailiwa kwa namba kamili kitakompailiwa upya kikipewa desimali. Hivyo muda wote ule wa kuitazama nyota unaweza kuwa wa kompaila, programu inayofanya ugeuzaji huo, peke yake, hesabu yenyewe ikiwa haijaanza, na mwanafunzi akaamini kwamba mbinu yake ni nzito, akaanza kuukatakata msimbo usio na kosa lolote. Hilo linanisikitisha kweli.

Toleo la 1.6 la Julia, lililotoka mwaka 2021, lilileta nafuu ninayoithamini: ukitanguliza amri ya kupima muda, @time, mbele ya mwito, pamoja na muda uliotumika unaonyeshwa asilimia iliyokwenda kwenye kukompaili. Nilipochora grafu leo, mara ya kwanza karibu muda wote ulikuwa wa kompaila. Mara ya pili asilimia hiyo haikutajwa kabisa. Lakini taarifa hii huja kazi ikiwa imekwisha, ilhali anayeihitaji ni yule anayesubiri.

Linganisha na Cargo, chombo cha kujengea programu za Rust, lugha nyingine ya programu: huandika Compiling (inakompaili) na jina la kila kifurushi, kisha Finished (imemaliza), kisha Running (inatekeleza). Rust ina wepesi wake, maana hukompaili yote kabla ya kuanza kutekeleza, wakati Julia inaweza kurudi kwenye kompaila katikati ya kazi. Hata hivyo ningependa alama mbili kando ya kisanduku, moja ya kukompaili na nyingine ya kutekeleza, hata zikipokezana mara kwa mara, kwa kuwa kupokezana huko kungenidokeza kwamba aina za data zinabadilika mahali nisipotarajia.