Cream wasikilize kuanzia kwa besi

Nikisema napenda rock ya Waingereza ya miaka ya 60, watu wanakimbilia solo za gitaa, eti nani mkali kati ya Clapton na Hendrix, na hayo mabishano sina shida nayo lakini yananipita kando. Sisi huku Kisumu tumekulia kwa benga. Ukikulia kwa benga sikio linaenda kwa besi kwanza, hata kabla ujue mwimbaji anamlilia nani. Sasa hilo sikio lako la benga peleka kwa Cream, bendi ya rock ya Uingereza.

Walikuwa watatu tu. Walianza London 1966, Eric Clapton kwa gitaa, Jack Bruce kwa besi na sauti, Ginger Baker kwa dramu, na kufika Novemba 1968 walishapiga shoo ya kuagana pale Royal Albert Hall. Miaka miwili na kitu, basi. Bruce na Baker walikuwa wametoka kwa jazz (Bruce alisomea hata cello kule Glasgow), na kwa vile hakuna mtu wa gitaa la ridhim, Clapton akianza solo kunabaki uwazi mkubwa, na Bruce haogopi huo uwazi, anaingia nao mzima mzima.

Chukua Sunshine of Your Love. Ile rifu, kile kipande kifupi kinachojirudia wimbo mzima, ilimjia Bruce baada ya kumwona Hendrix akipiga London Januari 1967, na ni rifu ya besi kabisa, gitaa linaifuata tu. Alafu msikize Baker. Rock ya kawaida snea, ile dramu ya mlio mkali, inagonga pigo la pili na la nne, yeye uzito anaweka kwa la kwanza na la tatu, na anatembea na zile tomu kubwa, dramu za mlio mzito, ndio maana wimbo unahisi mzito hata ukiucheza sauti ya chini.

Lakini penye mimi hubaki mdomo wazi ni Crossroads, ile ya laivu ya San Francisco, Machi 1968. Wimbo ni wa Robert Johnson, mwanamuziki wa blues wa Marekani, aliurekodi Texas 1936 yeye peke yake na gitaa lake. Cream wanaupiga dakika nne hivi. Ikifika solo ya pili achana na Clapton, shika Bruce, utasikia hamwekei mtu msingi, anajibizana naye, Clapton akipanda yeye anashuka, Clapton akipumua yeye anajaza, na Baker anawasukuma wote wawili. Shirati Jazz, bendi yetu ya benga, wakifika pale sauti zinanyamaza na magitaa yanachukua, si ndio hivyo hivyo? Besi ya benga inaongea, haisindikizi.

Ile sauti ya gitaa nayo ina kazi yake. Ampu za Marshall za wakati huo, zile mashine za kukuza sauti ya gitaa, ni za valvu, zile taa za kioo za ndani, ukizifungulia mpaka mwisho valvu zinazidiwa, sauti inakwaruza na noti haifi haraka. Clapton juu ya hiyo anafunga kabisa kitufe cha toni kwa gitaa lake la Gibson, ule ukali wote wa juu unatoka, unabaki na kitu kinene kama mtu anaimba akiwa amefunga mdomo.

Na Baker alikuja Afrika kweli, si maneno ya kuandika kwa jalada. Cream ikiwa imeisha alivuka Sahara na gari mpaka Lagos, akafungua studio huko, akapiga na Fela Kuti, na kuna albamu ya laivu ya 1971 ya kuthibitisha.

Kama unaanza leo tafuta Wheels of Fire ya 1968, ile diski ya pili, ya laivu. Kuna Spoonful ya Willie Dixon, Howlin' Wolf, mwimbaji wa blues, aliimaliza bila kufika dakika tatu, hawa wanaipeleka zaidi ya 16. Usiisikilizie spika ya simu tafadhali, besi yote itapotea. Tafuta wufa, hata kama ni ya jirani.