Kumbukumbu ya mradi wa kadi: kivuli cha kapelo ya Larry Doby kimekubali

Hatimaye kadi ya Larry Doby, mchezaji Mweusi wa besiboli wa Marekani, katika mradi wangu wa kuchora kadi za wachezaji za kukusanywa, imetoka kwenye printa ikiwa na macho. Wenzangu mnaochora wachezaji wa besiboli wa miaka ya 1940 na 1950 mtaelewa kwa nini naanza na jambo hilo, kwa maana picha nyingi tunazozitegemea zilipigwa mchana wa jua kali, na kivuli cha ukingo wa kapelo humeza uso kuanzia kwenye paji hadi katikati ya pua. Uso mweupe hubaki unasomeka hata ndani ya kivuli hicho, lakini kwa Doby picha nyeusi-nyeupe huacha doa tu, na mchoraji analazimika kuamua mwenyewe kilichomo ndani yake.

Tatizo hili si geni. Seti ya kadi ya kampuni ya Bowman ya mwaka 1949 ilitia rangi juu ya picha nyeusi-nyeupe, nayo madoa ya kivuli yakabaki yalivyo. Ile ya kampuni ya Topps ya mwaka 1953 iliwapa kazi wachoraji, na kwa maoni yangu hakuna seti ya muongo ule iliyozitendea haki nyuso kuliko ile. Ndiyo maana nimechukua kipimo chake cha milimita 67 kwa 95, badala ya 64 kwa 89 kilichozoeleka tangu mwaka 1957, ingawa vifuko vya plastiki vya kawaida havikitoshi. Mchoro wenyewe naufanya kwa ukubwa mara mbili.

Sasa nieleze kivuli chenyewe. Kahawia iliyochanganywa na nyeusi ilionekana nzuri mezani, lakini ilipochapwa kwenye karatasi ya pamba uso ulifanana na majivu yaliyomwagiwa maji. Sababu ziko mbili, na kila moja inaichochea nyingine. Kwanza, printa hurundika wino wa kila rangi mahali penye giza, na karatasi isiyopakwa nta wala udongo huunyonya wino huo na kuutawanya, hivyo tofauti ndogo kati ya kope na mboni hupotea kabisa. Pili, guashi, yaani rangi nzito ya maji ninayochorea, hubadilika inapokauka: rangi za giza hupauka kidogo na zile nyepesi hukolea, kwa hiyo kile unachokipima kikiwa kibichi sicho utakachokipeleka kwenye skana.

Nikaiondoa nyeusi mezani, na sioni sababu ya kuirudisha. Kivuli nimekijenga kwa tabaka la chini la rangi ya udongo mwekundu, kisha juu yake utando mwembamba wa bluu nzito na kahawia, ili wekundu uchungulie kutoka chini. Hapo guashi ikagoma kwa njia nyingine, kwani hata ikikauka huyeyuka tena ikiguswa na brashi yenye maji, na kila utando mpya uliling'oa tabaka la chini na kuacha michirizi. Niliongeza rangi, nikapunguza maji, nikabadili brashi, nikakasirika; haikusaidia. Kilichosaidia ni kupaka tabaka la chini kwa akriliki, ambayo ikishakauka haiyeyuki, na kuiachia guashi kazi ya juu peke yake. Wako watakaosema kuchanganya rangi hizo mbili ni ushamba. Nawaomba wautazame uso uliochapwa kabla ya kuhukumu.

Jambo la mwisho lililoufungua uso ni sare. Flana za sufu za enzi zile hazikuwa nyeupe kama karatasi bali zilikuwa na rangi ya maziwa mazito, na kifua kilichopigwa na jua hurudisha mwanga huo wa joto chini ya kidevu na puani. Nilipouongeza, macho yalianza kuonekana bila mimi kuyagusa.

Mpango ulikuwa kwamba baada ya Doby nimchore mchezaji mwenzake Mweusi Jackie Robinson, aliyeanza kuichezea Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947, chini ya miezi mitatu kabla ya Doby kuingia Ligi ya Marekani, moja ya ligi kuu mbili za besiboli, akiwa na Cleveland tarehe 5 Julai, kisha nimchore Roy Campanella, mchezaji mwingine Mweusi wa Brooklyn. Robinson atasubiri. Nilipokuwa nikitafuta picha za Doby nilinasa kwenye ile ya tarehe 9 Oktoba 1948, baada ya Cleveland kuifunga Boston Braves 2 kwa 1 katika mchezo wa nne wa mfululizo wa fainali, ambamo Doby, aliyepiga homrani siku hiyo (pigo linalompa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote na kupata pointi), amekumbatiana na mrushaji Steve Gromek, shavu kwa shavu, wote wakicheka. Nataka ziwe kadi mbili zinazoungana, Doby kwenye moja na Gromek kwenye nyingine, na mstari wa kukatia upite pale mashavu yanapogusana.

Kisu changu cha kukatia karatasi hakiaminiki kwa nusu milimita, na hapo nusu milimita ni ufa kati ya watu wawili. Kwa sasa nimeshapaka tabaka la akriliki la nyuso zote mbili kwenye karatasi moja, ili kivuli na mwanga wao vilingane, na nitazitenganisha kwenye kompyuta nikiacha ukingo wa ziada kila upande.