Mfuko wa pili wa urea unalipa? Jaribio la ploti 12

Kwenye mahindi, mfuko mmoja wa kilo 50 wa urea, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, kwa ekari mara nyingi hurudisha gharama. Utata uko kwenye mfuko wa pili. Kiwango kilichopangwa kwa wilaya nzima hakijui kama shamba lako lilipandwa maharage mwaka jana au liliwahi kuwa zizi. Shamba lenyewe ndilo la kuulizwa.

Chagua sehemu iliyo sawa, mbali na vichuguu na kivuli cha miti. Ploti iwe mistari sita ya mita 10, ikiachana sentimita 75. Viwango ni vitatu: bila urea, mfuko mmoja kwa ekari, mifuko miwili. Rudia mara nne. Penye mteremko, kila kundi la ploti tatu likae usawa mmoja, maana rutuba hushuka na maji. Ndani ya kundi, piga kura kwa vikaratasi ploti ipi ipate kiwango kipi. Ukichagua kwa macho, mbolea nyingi itaangukia udongo mzuri bila kukusudia.

Mbegu, mbolea ya kupandia na palizi viwe sawa, siku ileile. Mahindi yakifika magotini na udongo ukiwa na unyevu, weka gramu 93 za urea kwa kila mstari wa ploti za mfuko mmoja, na 185 kwa mifuko miwili. Tumia mizani, si kizibo cha soda: urea ni nyepesi kuliko CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, hivyo kizibo kilekile hakitoi uzito uleule. Fukia sentimita 5. Ikibaki juu, naitrojeni hupotea hewani kama amonia.

Kinachoharibu majaribio mengi ni huruma. Mtu anaona ploti ya sifuri imekuwa ya njano, anairushia konzi moja. Iacheni! Ndiyo inayoonyesha udongo unatoa nini peke yake. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna kipande cha ngano ambacho hakijatiwa mbolea yoyote tangu 1843, na bado kinapimwa.

Vuna mistari minne ya kati, ukiacha mita moja kila mwisho. Hizo ni mita za mraba 24. Pukuchua, pima uzito na unyevu. Zidisha uzito kwa (100 − unyevu), gawa kwa 87, upate uzito wa unyevu wa 13%. Kisha zidisha kwa 169 kupata kilo kwa ekari. Kilo 6 zenye unyevu wa 20% ni kama kilo 930 kwa ekari.

Sasa linganisha wastani wa mfuko mmoja na wa miwili. Kilo zilizoongezeka zizidishe kwa bei ya shambani wakati wa mavuno, si bei ya njaa. Zisipofikia walau mara mbili ya gharama ya mfuko, usafiri na kibarua, mfuko wa pili ni hatari, kwa kuwa mvua haina mkataba na mtu. Ploti za kiwango kimoja zikitofautiana kuliko viwango vyenyewe, jibu bado. Rudia msimu ujao.

Mfuko wa pili ukigoma kabisa, pima pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo. Chini ya 5.5 huenda tatizo ni tindikali, na urea huiongeza. Hapo fedha iende kwenye chokaa ya kupunguza tindikali, kwa sababu naitrojeni isiyochukuliwa na mizizi huzama kama naitreti hadi kwenye maji ya kisima.