Meya Aliyesimama Kanisani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimeshindwa kuandika juu ya somo nililokuwa nimeliandaa, kwa sababu kila nilipofungua Biblia, uso wa mzee wetu mweka hazina ulinijia. Wengi wenu mnajua yaliyotokea: bahasha ya mchango wa paa ilipotea kati ya nyumbani kwake na benki, naye hakuweza kueleza aliiacha wapi. Katika kikao cha Jumapili nilisimama nikamsifu kwa muda mrefu, nikataja miaka yake ya utumishi na namna alivyokesha na wagonjwa wetu, halafu kwa sauti ileile ya upole nikapendekeza apumzike kwa faida ya jumuiya. Watu wakatikisa vichwa kukubali, nami nikarudi nyumbani nikijiona mtu mwenye hekima.

Jumatano usiku usingizi ulinikataa, nikaketi na kijana wangu aliyekuwa akitazama filamu ya zamani ya Kimarekani, High Noon ya mwaka 1952. Mlinzi wa sheria wa mji mdogo, Will Kane, anapata habari kwamba mhalifu aliyemtia gerezani anarudi kwa treni ya saa sita mchana, na wenzake watatu wanamngoja stesheni. Kane anaingia kanisani katikati ya ibada kuomba wanaume wa kumsaidia. Wanabishana, kisha anasimama meya, rafiki yake, anayeitwa Henderson. Anamsifu Kane, anaukumbusha mji wema wake wote, na ukimsikiliza unaamini kabisa kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuchukua bunduki. Ndipo anapogeuza maneno: mapigano yataharibu sifa ya mji mbele ya watu wanaotaka kuwekeza mali zao huko, kwa hiyo ni heri Kane aondoke. Kane anatoka peke yake. Nilimwomba kijana asimamishe filamu. Hotuba ile ilikuwa yangu, imepungukiwa tu na Kiswahili.

Aliyeigiza nafasi ya meya yule ni Thomas Mitchell, nami sura yake niliijua tangu zamani bila kulijua jina lake. Alizaliwa mwaka 1892 katika mji wa Elizabeth, New Jersey, kwa wazazi wahamiaji kutoka Ireland, akawa mwandishi wa habari kabla ya kuingia jukwaani. Hakuwa mtu wa kupewa nafasi ya steringi, kama tulivyozoea kusema tukiwa watoto; alikuwa yule wa pembeni, mnene kidogo, anayeingia, anasema yake na kuondoka. Hata hivyo katika mwaka 1939 peke yake alionekana katika filamu tano kubwa, mojawapo Stagecoach, iliyompatia tuzo ya Oscar kama mwigizaji msaidizi, na mwaka 1953 alipata Emmy, tuzo ya televisheni, na Tony, tuzo ya jukwaani, akawa mwanamume wa kwanza kuzikusanya zote tatu. Alifariki Desemba 1962, akiwa na umri wa miaka 70.

Katika Stagecoach yeye ni daktari mlevi anayefukuzwa mjini na akina mama wa chama cha maadili (akina mama hao tunao pia, lakini leo nawaacha), na ni huyohuyo mlevi anayenyweshwa kahawa kikombe baada ya kikombe mpaka akili zinamrudia, kwa sababu mama mjamzito yuko njiani na daktari mwingine hakuna.

Lakini nafasi iliyonichoma zaidi ni ile ya Uncle Billy, katika It's a Wonderful Life ya mwaka 1946. Ni mzee msahaulifu, anayefunga nyuzi vidoleni ili akumbuke mambo, na bado anasahau. Mkesha wa Krismasi anakwenda benki na dola 8,000 za chama cha mikopo, na katika kujigamba juu ya mtoto wa ndugu yake aliyepewa nishani vitani, anazikunja fedha ndani ya gazeti na kumkabidhi adui yao bila kujua. Mpwa wake George, mtu mwema kuliko wote mjini, anamkamata koti, anamfokea na kumwacha akilia mezani. Kindi anayefugwa pale ndiye pekee anayempandia mkononi, kana kwamba anamfariji.

Mimi sikumfokea mzee wetu. Ingekuwa afadhali ningemfokea, maana hasira ya George ilikwisha kabla ya usiku kwisha. Upole wangu ulikuwa na hesabu ndani yake. Wapendwa, tukumbuke ni nani aliyesema kwamba yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu, wala lisiangamie taifa zima. Hakuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa Kayafa, kuhani mkuu, akizungumza kikaoni kwa utulivu, kwa faida ya wote. Tumezoea kuwakemea vijana wanaonukia pombe mlangoni, na viti vya mbele tumewapa watu wa ulimi laini, mimi nikiwa mmoja wao, tunaojua kumtoa mtu nje huku tukimsifu. Paulo alituagiza tumrejeze aliyeghafilika kwa roho ya upole. Hakuagiza upole wa kumsindikiza mlangoni. Na yule ambaye mwanzi uliopondeka hatauvunja, tutamwambia nini siku atakapotuuliza tuliupeleka wapi ule wa kwetu?

Ijumaa nilikwenda kwake. Alinimiminia chai kabla sijafungua kinywa. Mnajua mazoea yake ya kuandika mambo kiganjani kwa kalamu. Aliponipa kikombe niliona pale tarakimu 640,000, wino ukiwa mbichi. Nilipomuuliza, alisema, "Kila nikinawa naiandika upya, mwanangu, nisije nikasahau deni la Mungu."

Nimemwomba msamaha, naye ameniruhusu niyaandike haya. Kwa kuwa nilimsemea mbele yenu, Jumapili nitatubu mbele yenu, na kapu litakuwa mezani kabla ya wimbo wa kwanza, fungu langu likiwa ndani tayari.