Akiketi Atawachoma

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sijaomba vizuri. Naanza na hilo kwa sababu mmezoea kunisikia nikiwahimiza mkeshe, na sitaki kuwaandikia kama mtu aliyekesha. Nimepiga magoti kila alfajiri, nimetaja majina yenu mmoja mmoja, kisha nikainuka mkavu vile vile nilivyokuwa. Mbingu kimya. Kuna miaka ambayo nikitamka tu "Baba" machozi yanakuja. Safari hii nilitamka, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka kwenye mabati.

Binti yangu wa pili amerudi nyumbani, wengi wenu mlimwona ibadani. Kazi yake Nakuru iliisha, kodi ikamshinda, akapakia vyombo na watoto wawili kwenye matatu hadi hapa Butere. Nilimpokea kwa furaha. Lakini siku ya nne, nikiangalia unga uliobaki kwenye debe, nilisema neno ambalo mama hapaswi kulisema, na yeye alikuwa nyuma ya mlango. Hakunijibu. Alichukua ndoo akaenda chemchemi.

Alhamisi mchana jua lilikuwa kali isivyo kawaida yetu. Mjukuu wangu akaja mbio: "Kukhu, Kukhu, njoo, kuku anakufa!" (Kwetu nyanya huitwa kukhu, na huyu mtoto wa mjini bado anashangaa kwamba majina haya mawili yanakaribiana hivyo.) Nilitoka. Kuku wangu mwekundu alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mdomo wazi, akihema, mabawa ameyaachanisha na mwili kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Chini yake vifaranga wanane wametulia. Nikamwambia mtoto kwamba hafi. Kuku hatoi jasho kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema. Lakini mimi mwenyewe nilibaki pale uwanjani, maana nilikuwa nimeona picha hiyo zamani, mahali pengine kabisa.

Nikiwa mwalimu kijana nilipelekwa Turkana, nje kidogo ya Lodwar. Mnaojua barabara ya Kitale mnajua jinsi ukishapita Kapenguria na kuteremka Marich, kijani kinakuaga, na ukifika Lokichar umebaki na mchanga, mawe na miti ya miiba. Joto la digrii 35 kule ni siku ya kawaida. Jirani yangu alikuwa mama mzee mwenye mbuzi wachache na kuku watano. Kuku hao hawakuwa na banda. Usiku aliwafunika kwa kikapu kikubwa kilichosukwa kwa majani ya mkoma, akaweka jiwe juu kwa ajili ya mbweha. Mchana walijitafutia wenyewe: mchwa chini ya mathenge, ile miti ya miiba, punje za mahindi ya msaada zilizomwagika magunia yakigawanywa, magamba ya samaki waliotoka ziwani. Maji yalichimbwa kwenye mchanga wa laga, yaani mto mkavu, kwa kibuyu, kidogo kidogo, na katika hayo kidogo mama yule aliwatengea kuku kifuniko kimoja cha sufuria kila asubuhi. Sikumwona akisahau.

Mimi nilikuwa nimekulia huku kwetu, ambako mvua ya alasiri hunyesha na ngurumo zake. Kuku wa huku mvua ikianza huchutama, hujaza manyoya, na vifaranga wote hupotea chini yake. Unaona miguu midogo tu ikichungulia. Kwa hiyo nilipomwona kuku wa mama yule amesimama juani saa saba mchana, vifaranga wakiwa chini lakini hawamgusi, nilidhani hajui kulea. Nikamwuliza jirani kwa nini kuku wake halalii watoto. Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wa darasa la kwanza, akasema: "Akiketi atawachoma."

Wapendwa, nimekaa na maneno hayo tangu Alhamisi. Bawa ni lile lile. Kwenye mvua na baridi hushuka, likakubana kifuani mpaka unasikia moyo wa mama unavyopiga. Kwenye jua la jangwani huinuka, likaacha nafasi ya upepo kupita, na kifaranga anaweza kudhani ameachwa kwa sababu haguswi. Hajaachwa. Asimame pale alipo aangalie chini: amesimama kwenye kivuli. Na kivuli hicho kina mwenyewe, ambaye mgongo wake uko juani.

Daudi alijua. Zaburi ya 63 aliiimba akiwa katika jangwa la Yuda, "katika nchi kame na uchovu, isiyo na maji". Hakusema jangwa limeondoka. Nafsi yake bado ina kiu, na wanaomtafuta wamwue bado wapo, mistari michache tu mbele. Lakini katikati ya hayo anasema, "uvulini mwa mbawa zako nitashangilia." Uvulini! Miaka yote nimeusoma mstari huo nikiwaza joto la kifuani, maana mimi ni mtu wa nchi ya mvua. Daudi alikuwa anazungumza kivuli. Ewe unayeomba na kusikia kimya mwezi wa tatu sasa, usiseme Bwana ameondoka. Angalia miguuni pako. Umeamka leo. Kuna mtu amekuletea maharagwe. Mtoto alikuwa na homa na ikashuka. Hicho ni kivuli, mpendwa, na jua lilivyo kali hivi hakikuja chenyewe. Usitoke chini ya bawa kwa sababu tu hulisikii ngozini! Kifaranga anayetoka kutafuta kuguswa ndiye mwewe anayemwona.

Sasa kuna jambo lazima niliseme, na nitalisema kwa upendo. Jumapili baada ya ibada dada mmoja aliniambia kuhusu binti yangu, "Hata kuku huwadonoa vifaranga wakikua." Ni kweli, huwadonoa. Lakini Bwana Yesu alipojifananisha na kuku, alikuwa akiwaita watu wazima wa Yerusalemu, mji wa karne na karne, wenye dhambi za kizee, na bado akauita vifaranga. Naomi naye alirudi Bethlehemu mtu mzima, mikono mitupu, na wanawake wakasimama njiani wakiulizana, "Je! Huyu ni Naomi?" Tumelifanya swali hilo kuwa salamu yetu. Boazi, jamaa ya mume wa Naomi, alimwombea Ruthu, mkwewe Naomi, baraka za Mungu ambaye amekimbilia chini ya mabawa yake, na baadaye, usiku wa kupepeta shayiri, Ruthu akamwomba yeye Boazi atandaze upindo wa nguo yake juu yake. Katika Kiebrania bawa na upindo ni neno moja. Tunaowaombea waliorudi, tumetandaza nini? Naliuliza kanisa, na nimeanza na aliyesimama mbele ya debe la unga.

Jana jioni nilimwomba binti yangu msamaha. Alikuwa jikoni anachambua kunde. Hakuinua kichwa, akasema, "Mama, nilikusikia siku ile. Sikuwa na pengine pa kwenda." Nikaketi kwenye kigoda kando yake, tukachambua mpaka giza likaingia, kisha mjukuu akaja kutuambia vifaranga wote wanane wameingia.

Maombi ya Jumatano ni kwangu, saa kumi. Binti yangu atakuwepo. Msimwulize habari za Nakuru, mpeni kitabu cha nyimbo.